Neno la mlezi lina nafasi gani katika ufadhili wa masomo?

Mtunza Daftari (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salamu kwenu. Kwa muda nimekuwa nikisoma habari za watu waliotoa mali yao kuwasomesha watoto wasio wao, na kuna jambo linalojirudia kiasi kwamba siwezi tena kuliita sadfa: nyuma ya wengi wao yupo mtu mmoja, mara nyingi asiye tajiri, aliyewaambia wangali wadogo kwamba wanaweza kufika mbali, kisha akafanya kitendo cha kuithibitisha kauli hiyo. Hoja ninayoileta ni kwamba neno la mlezi wa namna hiyo halikuwa pambo la msaada. Ndilo lililokuwa kiini chake, na mfadhili wa leo anayelipa karo akaishia hapo ametoa nusu tu ya kile alichopewa yeye mwenyewe.

Mfano wangu wa kwanza ni Andrew Carnegie, ambaye wengi wanamfahamu kwa utajiri wa chuma cha pua. Familia yake ilihama Scotland mwaka 1848 kwa sababu ya umaskini, na huko Marekani alianza kazi kiwandani akiwa bado mtoto, kisha akawa tarishi wa simu za maandishi. Katika mji wa Allegheny, kando ya Pittsburgh, kulikuwa na mzee mmoja, Kanali James Anderson, aliyekuwa na vitabu 400 hivi. Anderson aliwafungulia vijana wafanyakazi maktaba yake kila Jumamosi: kijana alichukua kitabu kimoja, akakisoma kwa wiki nzima, akakirudisha na kuchukua kingine. Baadaye utaratibu ulipobadilishwa, vijana wasiokuwa wanagenzi wa ufundi wakatakiwa kulipa dola 2 kwa mwaka. Carnegie, aliyekuwa na miaka 17, aliandika gazetini kulipinga sharti hilo mpaka likaondolewa.

Anderson hakumlipia Carnegie hata siku moja ya shule. Alitoa vitabu alivyokuwa navyo tayari pamoja na alasiri zake za Jumamosi, tena alikaa mwenyewe kuvigawa badala ya kumwachia mtu mwingine, na kwa kumkabidhi mtoto wa kibarua kitabu chake alikuwa amekwisha kumwambia, hata kama hakulitamka, kwamba anamhesabu miongoni mwa wasomaji. Carnegie alipotajirika alijenga maktaba zaidi ya 2,500. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1883 huko Dunfermline alikozaliwa. Mwaka 1901 alitenga dola milioni 10 kwa ajili ya vyuo vikuu vya Scotland, sehemu ya mapato yake ikilipia ada za wanafunzi, na mwaka 1904 alimjengea Anderson mnara wa ukumbusho. (Wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead, waliovunjiwa mgomo wao mwaka 1892, wangekuwa na maneno mengine kuhusu ukarimu wa mtu huyu, na wangekuwa na haki ya kuyasema. Simleti hapa kama mtakatifu.)

Mfano wa pili unanigusa zaidi. Mary McLeod Bethune alizaliwa mwaka 1875 huko South Carolina, katika familia iliyokuwa imetoka utumwani. Mwalimu wake, Emma Wilson, alimpendekeza apate ufadhili ambao mshonaji nguo mmoja wa Colorado, Mary Crissman, alikuwa tayari kuutoa kwa msichana ambaye hakuwahi kumwona. Kwa hiyo wanawake wawili wasio na ukwasi walikutana katika maisha ya mtoto mmoja, mmoja akimjua kwa jina na tabia, mwingine akitoa sehemu ya pato la sindano yake. Mwaka 1904 Bethune alifungua shule ya wasichana huko Daytona, Florida, akiwa na dola 1 na senti 50 na wanafunzi wachache wasiofika hata kumi. Shule hiyo leo ni chuo kikuu. Ninajiuliza fedha ya Crissman ingemfikia nani kama Wilson hangekuwapo kusema, "Mpeni huyu."

Naomba mnikosoe, hasa wale mliowahi kusomesha watu au kusomeshwa.

Hesabu Kwanza

Ndugu Mtunza Daftari, umeandika vizuri, lakini ushahidi wako una kasoro ambayo mtu wa hesabu hawezi kuinyamazia. Umewachagua waliofanikiwa, wakatoa, na wakakumbuka kumtaja mlezi. Wako wapi waliotiwa moyo vilevile na hawakutoa chochote, ama kwa kuwa hawakupata, ama kwa kuwa walipata wakasahau? Na wako wapi waliotoa bila kutiwa moyo na yeyote?

Huyu wa mwisho ninaye. Oseola McCarty wa Hattiesburg, Mississippi, aliacha shule darasa la 6 ili amuuguze shangazi yake, na hakurudi tena. Aliishi kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu mpaka uzeeni. Mwaka 1995, akiwa na miaka 87, alikiahidi Chuo Kikuu cha Southern Mississippi dola 150,000 kutokana na akiba yake, ili ziwasomeshe vijana wenye uhitaji. Hakuna mlezi katika habari hiyo, wala hakuna aliyemfungulia maktaba. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nami naongeza kwamba moyo huo si lazima uwe umewashwa na mtu mwingine.

Nina sababu nyingine ya kuwa na wasiwasi. Neno halina gharama, na kwa hiyo ni rahisi mno kulitoa badala ya fedha. Mwanafunzi aliyefukuzwa kwa kutolipa karo hawezi kupeleka ofisini neno la kutiwa moyo ili apewe risiti. Nikilazimika kuchagua kati ya mfadhili bubu anayelipa kwa wakati na mnasihi msemaji asiyelipa, sitafikiri mara mbili.

Mwalimu Mstaafu

Nimesoma hoja za wote wawili, na nadhani mmekubaliana zaidi ya mnavyodhani. Ndugu yangu Hesabu Kwanza ana haki kuhusu maneno matupu. Mimi nimefundisha muda mrefu, na ninaweza kuwahakikishia kwamba watoto huitambua sifa ya bure upesi kuliko watu wazima. Mwalimu anayemwambia kila mwanafunzi kwamba ana kipaji hamwambii yeyote kitu. Kuna hata sifa inayodhuru, kwa mfano pale mwanafunzi dhaifu anaposifiwa kwa kazi rahisi na kuelewa kwamba mwalimu hakutarajia zaidi kutoka kwake.

Kutia moyo ninakokujua mimi kunafanana zaidi na kukosoa. Mwaka 2014 David Yeager, Geoffrey Cohen na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika kwa wanafunzi wa darasa la 7 nchini Marekani. Wanafunzi waliandika insha, walimu wakaisahihisha kama kawaida, kisha kila insha ikabandikwa kikaratasi. Kwa baadhi yao kikaratasi kilisema tu kwamba maoni yale yametolewa ili wapate mrejesho. Kwa wengine kilisema kwamba mwalimu ameandika maoni hayo kwa sababu ana matarajio makubwa na anajua mwanafunzi anaweza kuyafikia. Waliopata kikaratasi cha pili walikuwa wepesi zaidi wa kuirudia insha yao, na tofauti ilikuwa kubwa hasa kwa wanafunzi weusi, ambao wengi wao walikuwa na sababu za kutoamini nia ya shule. Masahihisho yenyewe hayakupunguzwa makali. Kilichoongezwa ni kumjulisha mtoto kwamba ukali ule unatokana na kuaminiwa.

Sasa kuhusu kitendo kinachofuata neno, nadhani Mtunza Daftari ameacha mfano mzito kuliko yote. Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa, alifika katika shule ya Hampton, Virginia, mwaka 1872 akiwa na senti 50. Mtihani wake wa kuingia ulikuwa kufagia chumba, naye akakifagia mara 3. Jenerali Samuel Armstrong, mkuu wa shule, alimtafutia mfadhili wa kulipia masomo yake, na yeye akafanya kazi ya usafi shuleni hapo ili apate chakula na malazi. Mwaka 1881 Armstrong alipoandikiwa barua kutoka Alabama akiombwa kupendekeza mtu wa kuongoza chuo kipya cha ualimu cha watu weusi, walioandika walitarajia mzungu. Armstrong alimtaja Washington, kijana wa miaka 25 hivi, na chuo hicho ndicho Tuskegee.

Hapo ndipo jina la mtu linapokuwa dhamana. Kama Washington angeshindwa, aibu ingemfika pia Armstrong, na wote wawili walilijua hilo. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kutia moyo: mlezi ameweka nini rehani? Anderson aliweka vitabu vyake. Emma Wilson aliweka uaminifu wake kwa mfadhili wa mbali. Sifa isiyomgharimu msemaji kitu, hata muda, ninakubali kabisa iachwe nje ya hesabu.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 1911 Washington alikutana na Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago, na mwaka uliofuata Rosenwald alipoipa Tuskegee dola 25,000, Washington aliomba sehemu ya fedha hizo ijenge shule ndogo 6 za vijijini kwa majaribio. Kutokana na jaribio hilo zilijengwa karibu shule 5,000 katika majimbo 15 ya kusini kufikia mwaka 1932. Wengi wa waliosoma humo hawakuwahi kulisikia jina la Armstrong.

Msomi wa Jioni

Mwalimu, shikamoo. Nimejifunza mengi katika mchango wako, lakini nina mfano ambao nadhani unaitingisha kidogo hoja ya uzi huu.

Chris Mburu, Mkenya, alisomeshwa sekondari kwa mchango mdogo wa kila muhula uliotoka kwa mwanamke wa Uswidi aitwaye Hilde Back. Hawakuwa wamewahi kuonana. Mburu aliendelea hadi Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Harvard, akawa mwanasheria wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Alipotaka kuwasaidia watoto wengine wenye akili na wasio na karo, aliuanzisha mfuko na kuupa jina la Hilde Back akiwa bado hajui alipo, na ubalozi wa Uswidi ulisaidia kumtafuta. Ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa mwalimu, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani, aliyezuiwa kuendelea na shule kwa sheria za Wanazi na kukimbilia Uswidi akiwa msichana, na kwamba wazazi wake waliuawa kambini. Alifariki mwaka 2021.

Basi mlezi yuko wapi hapo? Hakukuwa na alasiri za Jumamosi wala barua ya mapendekezo kwa wakuu wa chuo. Kulikuwa na fedha na jina. Hata hivyo matokeo ni yale yale: aliyepokea akatoa, tena kwa namna ile ile aliyopewa.

Mtunza Daftari

Nashukuru sana, Msomi wa Jioni, kwa sababu mfano wako unanisaidia kuieleza hoja kwa usahihi zaidi. Hebu fikiria kama fedha zile zile zingemfikia Mburu kutoka katika fungu lisilo na mtu, kwa hati iliyoandikwa namba tu. Angesoma, na huenda angefaulu vilevile. Lakini angeupa mfuko wake jina la nani? Jina la mtu mmoja wa mbali ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kumsaidia lilikuwa ujumbe tosha kwa mtoto mwenye akili. Neno ninalolizungumzia linaweza kuwa fupi kiasi hicho, ilimradi mwanafunzi ajue kwamba kuna mtu, na kwamba mtu huyo alichagua.

Kwa Hesabu Kwanza nasema hivi: sidai kwamba kila aliyetiwa moyo hutoa, wala kwamba kila mtoaji alitiwa moyo. McCarty anatosha kulivunja dai kama hilo. Ninachodai kinahusu sura ya utoaji. Aliyepewa vitabu alijenga maktaba. Aliyechaguliwa na mwalimu wake akafungua shule na kuwachagua wengine. Watu hurudisha kwa umbo walilopokea, na kwa sababu hiyo anayetoa leo anafundisha pia jinsi ya kutoa kesho, apende asipende.

Swali la deni nalo halijaguswa. Nimeona wafadhili wanaodai barua za shukrani kila muhula, picha, na hotuba katika hafla, na nimeona vijana waliofunzwa kwa njia hiyo kwamba kusaidiwa ni kudhalilika. Kijana wa namna hiyo akipata uwezo hukimbia kila kinachomkumbusha zama zile, na siwezi kumlaumu. Waliosema tenda wema nenda zako hawakumkataza mtu kushukuriwa. Walimkataza kusimama mlangoni akingoja. Shukrani ya hiari ina uzito mwingine. Albert Camus alipopata tuzo ya Nobel mwaka 1957 alimwandikia barua Louis Germain, mwalimu wake wa shule ya msingi huko Algiers, aliyemwandaa kwa mtihani wa ufadhili na kumshawishi bibi yake asimtoe shule akafanye kazi. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 30, na hakuna aliyemdai barua hiyo.

Mgeni Njoo

Wakubwa zangu, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni msomaji wa kimya ambaye leo nimelazimika kuandika. Nina mwalimu aliyenisukuma nilipotaka kuacha masomo, bado yu hai, na mimi sasa nina kipato cha wastani. Ningependa kuanzisha ufadhili mdogo kwa jina lake. Je, nianze na mfuko wa kudumu au nilipe mwaka kwa mwaka? Na mwanafunzi achaguliweje?

Hesabu Kwanza

Karibu, mdogo wangu. Swali lako la kwanza ni la kwangu. Mifuko ya kudumu kwa kawaida hutumia takribani asilimia 4 au 5 ya thamani yake kwa mwaka, ili mtaji usiliwe na mfumuko wa bei. Maana yake, ili umsomeshe mwanafunzi mmoja milele unahitaji kuweka akiba mara 20 hadi 25 ya gharama yake ya mwaka. Kwa kipato cha wastani utakusanya muda mrefu huku watoto wa leo wakiacha shule. Rosenwald, aliyekuwa na uwezo usiolingana na wetu, aliikataa kabisa fikra ya mfuko wa milele. Aliagiza mfuko wake umalize mtaji wote ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake, nao ulifungwa mwaka 1948. Lipa mwaka kwa mwaka, lakini usimpokee mwanafunzi wa pili mpaka uwe na uhakika wa kumfikisha wa kwanza mwisho wa masomo yake. Mtoto aliyelipiwa miaka 2 kati ya 4 ameumizwa mara mbili.

Ilipe shule moja kwa moja, na uulize gharama zilizo nje ya karo. Wengi huangushwa na ada ya mtihani, sare au nauli wakati karo imekwisha kulipwa. Acha kiasi kidogo pembeni kwa ajili ya hayo.

Kuhusu maneno bado sijashawishika kwa asilimia zote, ila nitakubali hili: kikaratasi alichokieleza Mwalimu hakigharimu kitu, kwa hiyo sioni sababu ya kukiacha.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu Mgeni Njoo, kwanza mwombe ridhaa mwalimu wako kabla hujalitumia jina lake, na mweleze kwa nini. Wako walimu wasiopenda kutajwa, na wako ambao hawajui hata kidogo kwamba waliwahi kumgeuza mtu njia. Usilihifadhi jambo hilo kwa ajili ya mazishi yake.

Kisha, katika kuchagua, usiombe orodha ya waliofaulu kuliko wote. Mwanafunzi wa kwanza darasani mara nyingi ana watu wengi wanaomwona tayari. Waulize walimu swali jingine: ni nani ambaye kazi yake imekuwa ikipanda ingawa hali ya nyumbani kwake ni mbaya, na kwa nini unadhani ataendelea? Mtake mwalimu aandike jibu kwa mkono wake na kuweka jina lake. Atakayeshindwa kuandika aya moja kuhusu mtoto hamjui mtoto huyo. Aya hiyo, kwa idhini ya aliyeiandika, msomee mwanafunzi siku utakapomjulisha kwamba amepata ufadhili, ili asidhani ameokotwa kwa bahati nasibu. Na umwambie mapema kwamba hadaiwi barua za kila muhula. Anachotakiwa kuleta ni matokeo yake, mazuri na mabaya, na kwamba matokeo mabaya ya muhula mmoja hayatamwondoa.

Mgeni Njoo

Ninawashukuru wote. Mwalimu wangu nitamtembelea mwisho wa mwezi huu kumwomba ridhaa, na nikiipata nitamwomba pia awe ndiye anayezisoma aya za walimu pamoja nami, kwa kuwa jicho lake nililiona likifanya kazi. Nitaanza na mwanafunzi mmoja. Swali moja nimebaki nalo: je, mwanafunzi ajue jina langu, au jina la mwalimu linatosha?

Mtunza Daftari

Kwa maoni yangu la mwalimu linatosha kwa sasa. Lako alijue akiuliza, na akiuliza usimfiche.